Barua Haikohoi

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Pini,

Kama unaisoma hii umesimama, tafuta kiti kwanza. Nina mengi, na karatasi nimenunua za kutosha.

Kifurushi chako kimefika. Mtu wa ofisi ya mizigo alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, akapaza sauti: "Mzigo wa Fundi, kutoka kwa daktari!" Mtaa mzima ukasikia. Sikumkanya. Kwani kasema uongo? Najua utaniambia wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho. Mimi nasema ukivaa nyeupe na ukijua kifua cha mtu kina nini ndani, wewe ni daktari, na anayebisha aje tushindane kwa vyeti vya watoto.

Nimezikuta pampu mbili za kahawia, za dawa ya pumu, mpya kabisa, na mwandiko wako juu ya boksi: "Mama, vuta mbili asubuhi, vuta mbili jioni. Kila siku." Niliusoma mwandiko huo mbele ya Vifungo, yule shoga yangu wa duka la nyuzi na vifungo hapa ubavuni. Nikausoma tena mbele ya mwalimu aliyekuja kupima sare. Nikausoma mara ya tatu peke yangu. Ile "M" ya "Mama" bado unaikunja mkia kama ulivyokuwa ukiikunja ukiandika kwa chaki yangu juu ya meza ya kukatia.

Nimeziweka pampu kwenye kabati la vioo, pembeni ya picha yako ile uliyopigwa na sare ya kwanza. Zinapendeza.

Kifua hakina neno. Tangu uliponipeleka mwezi wa kumi na mbili kwa yule daktari wa kifua akaniandikia karatasi, mimi ni mtu mpya. Hapa zahanati wanayo pampu ya bluu tu, ya kahawia hawana, ndiyo maana nakushukuru kwa kuitafuta huko. Shule imeagiza sare mia moja na arobaini, na ni mimi peke yangu walionifuata, mafundi wengine wapo wamekaa wanafukuza nzi. Cherehani nimekihamishia dirishani. Si kwa sababu yoyote, ni kwa ajili ya upepo.

Jambo moja. Simu yangu imeharibika. Naona jina lako linawaka lakini sauti haitoki. Fundi simu anasema spika. Basi tuandikiane. Barua ina heshima yake, unaweza kuirudia.

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Kazi nyingi tu.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 15 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye kitanda changu cha juu, huku mwenzangu wa chini akisukuma godoro kwa miguu anauliza nacheka nini.

Mama, tafadhali, acha kuwaambia watu mimi ni daktari. Wiki iliyopita kuna mzee kanipigia, sijui namba yangu kaipata wapi, anataka nimwambie jino lake ling'olewe au libaki.

Sasa nisikilize. Ile ya kahawia si ya kabatini. Nakuandikia upya, ubandike ukutani karibu na mswaki wako. Tikisa pampu. Ipachike kwenye chupa, ile ya plastiki tuliyoitoboa kitako pamoja na muuguzi wa zahanati. Toa pumzi yote. Weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, vuta polepole kama mtu anayenusa kitambaa kipya, kisha zuia pumzi uhesabu mpaka kumi. Subiri kidogo, tikisa tena, rudia mara ya pili. Ukimaliza sukutua mdomo na koo kwa maji, uteme. Usimeze. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, hata siku unayojiona mzima. Hasa siku hiyo.

Ya bluu ni ya pale kifua kinapobana. Ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, hiyo ni habari, uniambie.

Nyuma ya pampu ya kahawia kuna kidirisha chenye namba. Ilianza mia mbili. Kwenye barua yako ijayo niandikie inasema ngapi.

Na hiyo simu ipeleke kwa fundi mwingine. Nimezoea kukupigia Jumapili saa nne, baada ya kufua. Jumapili hii nilifua, nikaanika, nikakaa na simu mkononi kama mtu aliyepewa sahani bila chakula. Nataka kusikia cherehani kinaenda nyuma ya sauti yako. Huku kila kitu ni kimya cha watu wasionijua.

Mtihani wa mwisho ni tarehe 22 Aprili. Naogopa kidogo.

Mwanao,
Pini


Tarehe 6 Machi

Pini wangu,

Unaogopa nini wewe? Wewe uliyekuwa na miaka minne unaokota pini zangu zote sakafuni kwa sumaku, hukubakiza hata moja, mpaka ukapata hilo jina! Mtihani ndio ukuogope wewe.

Umeuliza namba. Kaa vizuri ujivunie mama yako. Namba inasema mia moja tisini na nne. Umeona utunzaji huo? Mwezi mzima nimetumia sita tu! Wapo watu wakipewa kitu kizuri wanakimaliza kama karanga. Mimi unanijua, sikati kitambaa kizuri mpaka siku yake ifike. Kile kitambaa cha suti cha kijani nilichonunua ukiwa darasa la tano mpaka leo hakijaguswa na mkasi. Nikiona kifua kimechafuka sana, navuta ya kahawia moja, narudisha kabatini, nafunga kioo. Nyingine sijafungua hata plastiki yake.

Kwa shughuli za kila siku bluu inanitosha. Nabonyeza, napumua, naendelea kushona. Hiyo ndiyo dawa inayoonekana ikifanya kazi. Ya kahawia, nisamehe, unavuta halafu unakaa unangoja, hakuna kinachotokea.

Halafu kuna mama mmoja tulikaa naye foleni zahanati, akaniambia ya kahawia ni steroidi, mtu anavimba uso unakuwa kama sinia, na kifua kinaizoea mpaka hakitaki kazi. Mimi uso wangu ndio huu huu uliokuzaa, siutaki uwe sinia siku ya mahafali yako.

Na sasa siri yangu. Nakushonea gauni jeupe la mahafali. Si la kununua. Kola ya kusimama, mikono ya robo tatu, mfuko mmoja wa kalamu. Vipimo sina, maana umeondoka, umekonda au umenenepa sijui. Nimeshona kwa kukumbuka. Nimefumba macho, nimeweka mikono hewani pale mabega yako yanapofika ukinikumbatia, nikapima hapo. Vifungo akaingia akanikuta nimekumbatia hewa, akasema, "Shoga, leo umecheza na nani?"

Nimeacha nafasi kwenye mshono, pande zote mbili. Ukija tutabana au tutaachia.

Sare zimebaki hamsini. Pasi ya mkaa nimemwachia Vifungo siku hizi, anapenda kupiga pasi.

Mama yako,
Fundi


Tarehe 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Vifungo hapendi kupiga pasi. Nimemjua maisha yangu yote, hapigi pasi hata nguo za harusini. Kwa nini umemwachia? Moshi wa mkaa unakubana?

Mama, hiyo mia moja tisini na nne haikunifurahisha. Imenitoa jasho. Ungekuwa unavuta kama daktari alivyoandika, siku ya barua yako kopo la kwanza lingekuwa limevuka nusu.

Ngoja nikuambie kwa lugha ya kazini kwako. Ukikata gauni, kwanza unashikiza kwa uzi mrefu, haraka haraka, ili vipande visianguke. Sivyo? Mteja akipita anaona gauni limeshikana, anasema, fundi umemaliza. Lakini wewe hutamruhusu atoke nalo, maana akipanda ngazi moja litaachia. Mshono wa mashine ndio gauni. Bluu ni kushikiza. Inafungua kifua sasa hivi, baada ya saa chache inaachia. Kahawia ni mshono. Inatuliza uvimbe mle ndani ya njia za hewa, polepole, siku hadi siku, na faida yake utaiona baada ya wiki moja au mbili, pengine zaidi. Ukishona hatua tatu leo, tatu wiki ijayo, huo si mshono, ni matundu ya sindano tu. Na usiivute wakati umebanwa ukitegemea ikuokoe, si kazi yake.

Yule mama wa foleni kachanganya mambo. Uso kuvimba unatokea zaidi kwa wanaomeza vidonge vya steroidi vingi kwa muda mrefu. Hii ya kuvuta ni kiasi kidogo sana, kinaenda kifuani moja kwa moja. Inachoweza kukuletea ni utando mweupe mdomoni, au sauti kukauka, ndiyo maana nikasema sukutua, teme. Wala kifua hakiwi mvivu. Kinapumzika, ni tofauti.

Dawa hii haina siku yake ya kungojewa, mama. Siku yake ni leo jioni.

Bluu unabonyeza mara ngapi? Hukunijibu. Umeandika "inanitosha". Wewe ukiandika neno fupi namna hiyo nakuwa na wasiwasi, maana hujawahi kujibu kitu kwa ufupi.

Hilo gauni nitalivaa hata likiwa na mikono mitatu.

Mwanao,
Pini


Tarehe 3 Aprili, Jumapili

Mwanangu Pini,

Huu ni mwandiko wa mama yako mdogo, Vifungo. Uvumilie, mimi mwandiko wangu umezoea lebo za vifungo tu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mama yako amelala hapa kwenye kochi langu, na kinachougua kwake ni kifua, masikio yake ni mazima, atanisikia.

Usishtuke, yu hai na ananigombeza.

Alhamisi mchana nilisikia cherehani kimesimama. Unajua mama yako, kile chombo hakisimami isipokuwa kwa mteja au mazishi. Nikasema hebu nichungulie. Nikamkuta ameshika ukingo wa meza, mabega yamepanda mpaka masikioni, midomo si rangi yake, na mkononi ana pampu ya bluu anabonyeza, anabonyeza. Nikaichukua nikaitikisa. Tupu. Inatoa upepo tu, dawa hamna. Nikamwuliza, "Fundi, tangu lini?" Akanyoosha vidole, neno halikutoka. Mama yako, neno halikutoka! Hapo ndipo nilipoogopa.

Mwalimu alikuwa amekuja na pikipiki kuchukua sare. Tulimweka katikati, mimi nyuma, kama mzigo wa ngano. Zahanati wakamwekea mashine ya mvuke na oksijeni, wakamkalisha huko siku mbili. Jana ametoka. Muuguzi kaniita pembeni, anasema ikianza tena hivi na bluu ikawa haimsaidii, nisingoje aniruhusu, nimbebe tu.

Sasa haya mengine kaniapisha nisikwambie, ila aliniapisha kwa mdomo, kuandika hakukutaja.

Simu yake ni nzima. Anaizima sauti tu. Ukipiga anaiangalia mpaka ikome halafu anafuta kioo kwa upindo wa kanga. Tangu mwezi wa kwanza. Na zile pampu zako nilizikuta kwenye kabati, amezishonea mfuko wa kitambaa cheupe, mabaki ya gauni lako, na utepe juu. Mia moja tisini, nilisoma mwenyewe.

Alichosema alipopata pumzi ni hiki: "Ana mtihani. Ukimwambia, uzi wa mkopo huupati tena kwangu." Nikamwambia uzi ni wangu, duka ni langu, wewe ndiye unayekopa.

Mtihani wako fanya. Ila mwandikie.

Mama yako mdogo,
Vifungo


Tarehe 8 Aprili

Mama,

Nilimpigia Vifungo mara tu nilipomaliza kusoma barua yake. Akasema uko salama. Nikasema nipe niongee naye. Nikasikia akikuita, nikasikia kochi likilia, kisha akarudi akaniambia umegeukia ukutani.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Mwandiko umetulia, mistari imenyooka, maneno yanacheka. Nilikuwa nazisoma wodini wakati wa mapumziko, nawaambia wenzangu mama yangu ana pumu lakini mwone alivyo na nguvu. Sasa nimeelewa kwa nini umezipenda barua. Barua haikohoi. Barua haikati maneno katikati kutafuta hewa. Unaweza kuiandika kwa siku tatu na mimi nikaisoma kwa pumzi moja.

Wiki hii wodini nimemshika mkono mama wa umri wako, mabega yamepanda vilevile alivyoandika Vifungo. Nikamsaidia kupachika chupa, nikamhesabia mpaka kumi. Nimefunzwa kuwapumulisha mama za watu, na wangu ananifungia kabati.

Sitaki maneno matamu. Nataka namba. Ya kahawia inasema ngapi. Bluu ulikuwa ukibonyeza mara ngapi kwa siku. Usiku ulikuwa ukiamka mara ngapi. Na nataka kujua kwa nini. Si kwa sababu ya yule mama wa foleni, hujawahi kumsikiliza mtu wa foleni maishani mwako.

Mtihani ni tarehe 22. Barua ya kweli isipofika kabla ya tarehe 18, napanda basi. Nimeshauliza, nikikosa mtihani huu narudia mwaka. Sawa, nitarudia. Chagua wewe.

Pini


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Naandika leo leo, na nimemwomba mtu wa mizigo aiwahishe. Nimemwambia ni ya serikali.

Namba asubuhi hii inasema mia moja hamsini na mbili. Piga hesabu yako. Nilianza vizuri Jumapili ile ya tarehe tatu ikiwa mia moja tisini, nne kwa siku, sijaruka. Vifungo ni shahidi, anasimama mlangoni kama askari magereza.

Bluu nilikuwa nabonyeza mara nane kwa siku, siku mbaya kumi na zaidi. Usiku nilikuwa siamki, maana kuamka ni kwa aliyelala. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, nimeegemea meza ya kukatia. Pasi nilimwachia Vifungo kwa sababu ya moshi, ulipatia. Mwezi wa pili nilisema sare mia moja na arobaini, kweli walileta mia moja na arobaini, lakini sabini nilimpa fundi wa mtaa wa pili, yule yule niliyesema anafukuza nzi. Ameshona vizuri tu, ila usimwambie mtu.

Umeuliza kwa nini. Nimeanza kuandika mahali hapa mara tatu, nimechana karatasi tatu.

Mwanangu, siku kifurushi kilipofika nilivuta kama ulivyoandika. Mbili asubuhi, mbili jioni. Jioni ile nikageuza pampu nikaona mia moja tisini na sita. Nikasema, ala, kumbe inahesabu. Wewe ulipoondoka uliniachia nguo zako mbili, harufu ikaisha. Uliacha sabuni bafuni, ikaisha. Sasa umeniletea kitu ulichokishika kwa mkono wako, umeandika "Mama" juu yake, nacho kina dirisha la kunionyesha kinavyokwisha. Kila nikibonyeza naona wewe unapungua. Nikashindwa. Nikakiweka mahali ambapo hakitapungua. Ukweli ndio huo, ni wa kijinga, lakini ni wangu.

Na jingine ni kiburi. Nimewaambia watu wote mtoto wangu anatibu vifua. Nikikohoa sokoni wataniuliza, mbona chako hakijatibiwa? Nikawa nakohoa ndani. Nikazima sauti ya simu, nikaacha kupokea, ili na wewe usisikie, maana wewe ungesikia neno la kwanza tu, ungeacha kila kitu. Na ulikuwa karibu, mwanangu. Ulikuwa umebakiza miezi michache tu.

Alhamisi ile pale mezani nilipobonyeza ikatoka upepo mtupu, nilitazama kabati. Hatua sita. Nikaona picha yako na ule mfuko wenye utepe, nikajua hata nikifika haitanisaidia saa hiyo, umeshaniambia si kazi yake. Ingenisaidia kama ningeivuta jana na juzi na mwezi uliopita. Nilikuwa na pumzi zangu zote mle ndani ya kioo, nimezifunga kwa utepe.

Nimeutoa mfuko. Nimeufanya wa kuwekea pini. Pampu sasa inakaa bafuni juu ya mswaki, chupa imening'inia kwenye msumari. Natikisa, navuta kama nanusa kitambaa, nazuia mpaka kumi, nasukutua, natema. Kutema natema vizuri kuliko mtu yeyote zahanati, muuguzi kasema niwafundishe wengine. Juzi nimewafundisha wanne, na yule mama wa foleni alikuwepo. Nimemwonyesha uso wangu pande zote mbili.

Sauti ya simu nimeirudisha, lakini usinipigie bado. Niachie kifua kiwe na adabu kwanza.

Fanya mtihani. Nakuomba kama mtu anayeomba, si kama mama anayeamrisha.

Mama yako


Tarehe 26 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 17, saa tisa mchana. Begi lilikuwa mlangoni. Nilikaa juu ya begi nikaisoma, nikalia kidogo, mwenzangu wa chini akanivua viatu bila kuniuliza kitu.

Mtihani nimefanya. Swali la nne lilikuwa la pumu. Waliuliza sababu zinazomfanya mgonjwa asitumie dawa ya kuvuta kama alivyoelekezwa. Nikaandika za kitabuni zote: hofu ya madhara, kutoona faida ya haraka, kutoelewa tofauti ya pampu mbili. Halafu nikaandika moja ambayo haimo kitabuni. Sijui kama watanipa alama.

Sasa, mama, kesho wanatupeleka mazoezi ya mwisho, mbali, mahali mtandao hauingii kabisa. Mpaka mwezi wa saba ni barua tu. Sitakusikia hata ukitaka. Itabidi niziamini barua zako, nami nimeamua nitaziamini.

Nimepiga hesabu. Ukivuta nne kwa siku bila kuruka, kopo la kwanza linaisha tarehe 20 Mei asubuhi. Jioni yake fungua la pili. La pili linaisha tarehe 9 Julai asubuhi. Mimi nafika nyumbani tarehe 9 Julai, mchana. Nimeuliza ratiba mara mbili. La tatu nitakuja nalo mkononi. (La akiba nimemtumia Vifungo, basi langu likichelewa akupe. Usimsumbue kabla, nimemwambia alifungie na vifungo vya shaba.)

Kwa hiyo lile dirisha ukilitazama, usione mimi napungua. Ni siku zinapungua. Kila ukibonyeza nasogea.

Na makopo matupu usitupe. Yaweke kabatini, pembeni ya picha. Nikifika ndiyo nitakayoyatazama kwanza, kabla ya kuvaa gauni.

Mwanao,
Pini


Tarehe 28 Juni

Pini wangu, karibu ufike,

Namba inasema arobaini na nne. Siku kumi na moja. Vifungo anasema nimemchosha, kila asubuhi nampelekea namba dukani kama mtu wa magazeti. Jana mteja wake kaniuliza ni namba za nini, nikamwambia ni kilomita.

Kopo la kwanza lilikwisha tarehe 20 Mei asubuhi, kama ulivyosema, kana kwamba ulikuwa mle ndani unahesabu. Limekaa kabatini. Wageni wanauliza mbona fundi umeweka takataka kwenye vioo. Nawaambia kaeni niwaeleze. Wengine wanajuta kuuliza.

Bluu wiki hii sijaigusa. Wiki iliyopita mara moja, siku jirani alipochoma taka. Nalala kitandani, kama watu. Pasi ya mkaa nimeiuza kwa mtu wa vyuma, nimenunua ya umeme. Nashona kuanzia asubuhi na naimba, na majirani wameanza kukumbuka ubaya wa sauti yangu.

Muuguzi anasema nisiache eti kwa sababu nimepona, maana sijapona, nimetulia. Nimemwambia, "Hayo nimeshaambiwa na mkubwa wako," yaani wewe.

Gauni limekwisha, limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Upepo ukiingia linageuka kidogo, nami kila mara nainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Mabega nina wasiwasi nayo. Nimekuota umekonda. Nafasi niliyoacha kwenye mshono inatosha.

Sasa sikiliza. Basi lako likifika mahali mtandao unapoingia, popote pale, hata kama ni katikati ya pori, nipigie. Nitapokea mlio wa kwanza. Nina mchezo tunaocheza na Vifungo, kuhesabu kwa pumzi moja. Yeye anaishia kumi na tisa, na ana kifua kizima. Mimi nimefika ishirini na tatu. Usinisalimie, usiniulize chochote. Nitaanza kuhesabu, na cherehani kitakuwa kinaenda nyuma, Vifungo atanizungushia gurudumu. Wewe nyamaza tu usikilize mpaka nimalize.

Simu iko hapa mezani, kioo juu.

Mama yako,
Fundi